Dakika Thelathini na Nane

Lilikuwa swali la kumi na saba, lenye alama mbili. Niliuliza vita vifupi kuliko vyote katika historia ya dunia vilipiganwa wapi na vilichukua dakika ngapi. Msichana wa darasa la saba, wa kundi lililoketi upande wa madirisha, alinyanyua mkono kabla sijamaliza kusoma. Unguja, akasema, mwaka 1896, dakika arobaini na tano. Niliitazama karatasi yangu. Palikuwa pameandikwa 38. Nikagonga kengele, nikasema si sahihi, swali likahamia kundi la pili. Mvulana mmoja akataja thelathini na nane, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Yule msichana alibaki amesimama. "Samahani, mwalimu, naomba kuuliza. Hizo thelathini na nane zimehesabiwa kuanzia wapi?"

Nilimwambia akae, muda wa mashindano ni mdogo. Kundi lake likamaliza la pili, pungufu ya alama moja. Nimekuwa nikitunga maswali ya chemsha bongo kwa shule za msingi kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kati ya yote yaliyosikika katika kumbi hizo sikumbuki swali zuri kuliko hilo la kwake. Halikuwa na alama. Nililizima mimi mwenyewe, kwa kengele iliyokuwa mkononi mwangu.

Usiku ule nilitoa vitabu nilivyokuwa navyo nikaanza kuzifuata zile dakika. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Kabla jua halijatua, binamu yake, Khalid bin Barghash, alikwishaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Waingereza walimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: ikifika saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Manowari zao tano zilikuwa zimetia nanga mbele ya jumba, mizinga imeelekezwa. Saa tatu ikapita. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Glasgow, meli ya sultani, ikazama bandarini. Jumba likawaka moto. Ilipokaribia saa nne kasorobo, bendera ikaanguka na mizinga ikanyamaza. Ndani ya jumba na pembeni yake watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, naye akapona.

Kwa hiyo 38 ni hesabu inayoanza na kombora la kwanza na kuisha na la mwisho. Wapo wanaoandika 40. Wapo wanaoandika 45, kwa kuwa wamesogeza mwanzo nyuma kidogo au mwisho mbele kidogo. Msichana wangu alikuwa amesoma kitabu kingine, basi. Lakini nilipozidi kuiangalia hesabu yenyewe ndipo nilipoanza kuona aibu. Ni hesabu ya aliyesimama juu ya sitaha ya meli, saa mkononi. Aliyekuwa ndani ya jumba alianza kuhesabu lini? Alipoziona manowari zikijipanga? Usiku wa kuamkia siku ile, mji mzima ukijua asubuhi ina nini? Na yule aliyemzika mtoto wake jioni, yeye hesabu yake aliifunga saa ngapi?

Kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka hunisimamisha. Mbele ya jengo la Beit al-Ajaib palikuwa na mnara wa saa. Mizinga ya asubuhi ile iliuharibu. Mwaka uliofuata ukajengwa mnara mwingine, safari hii ukiwa umeungana na jengo lenyewe, na ndio ambao vizazi vya wapiga picha wameupiga picha. Vita vinavyokumbukwa na dunia nzima kwa sababu ya dakika zake viliivunja saa ya mji.

Na Khalid? Karatasi za chemsha bongo humwacha pale bendera inapoanguka. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akakaa humo mwezi na zaidi huku askari wa Kiingereza wakimngoja nje. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ilisogea hadi lango la ubalozi linaloelekea baharini, naye akapandishwa pasipo kukanyaga ardhi ya Unguja, kwa sababu ardhi hiyo ndiyo ambayo angekamatwa juu yake. Akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko miaka ishirini. Mwaka 1916, vita vingine vikiwa vimefika, Waingereza wakamtia mkononi. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisiwa kile kile alikofia Napoleon, halafu wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Wale waliokuwa wamemuunga mkono walitozwa fidia, na ndani ya fidia hiyo ilikuwemo gharama ya makombora waliyopigwa.

Haya yote nilikuwa nayo rafuni. Sikuyafungua kwa sababu sikuona haja: jibu nilikuwa nalo. Maswali ya chemsha bongo hurithiwa. Mimi nilikabidhiwa daftari na mwalimu aliyenitangulia, lenye jalada la bluu lililochakaa, naye alikuwa amenakili kutoka kwa mwingine. Ndani yake mlikuwa na maswali yaliyopangwa kama vyombo kabatini. Nani wa kwanza, lini, wapi, ngapi. Nilipolipokea nilijiona nimepewa hazina, na kweli ilikuwa hazina. Nakumbuka nililisoma lote usiku mmoja kwa taa ya chemli. Lakini jibu lililopita mikono mingi huwa kama jiwe la mtoni. Limelainika, linashikika vizuri, na huwezi tena kujua lilivunjika kutoka mlima gani.

Wazee wetu walikuwa na namna nyingine ya kuulizana. Mtu anasema kitendawili, wanaitikia tega, anatega. Watu wanajaribu. Mtoto anayesema kaburi pale wote walipotarajia yai, kwa kuwa vyote viwili ni nyumba isiyo na mlango, hapigiwi kengele. Watu hucheka, humwambia eleza, na akieleza vizuri bibi hutikisa kichwa na kusema hilo nalo limo. Wakishindwa wote, mtegaji hudai mji. Nipeni mji. Wanampa: twakupa Mombasa, twakupa Bagamoyo. Naye huupokea mji wake, husimulia jinsi alivyokwenda huko akala na kunywa na kupokewa na watu wake, na ndipo hulitoa jibu. Kutojua kulikuwa na gharama, mji mzima, lakini gharama hiyo ilikununulia hadithi. Katika ukumbi wangu mtoto asiyejua alipata mlio wa shaba na kiti chake.

Basi nikaanza kulipitia daftari la bluu swali kwa swali, nikilipeleka kila moja mbele ya yule msichana kichwani mwangu. Kuanzia wapi, mwalimu?

Swali la nne: Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha lini? Jibu: tarehe 11 Novemba 1918. Hakuna mtunga maswali duniani ambaye hajawahi kuliuliza hili. Lakini siku hiyo jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake walikuwa ndani ya ardhi ya Zambia ya leo, karibu na Kasama, wakiendelea kupigana. Habari ya kusitishwa kwa vita iliwafikia siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi. Waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo unaitwa Mbala. Majuma mawili kamili baada ya kengele za makanisa kulia Ulaya.

Na hata hapo nimewahesabu wenye bunduki tu. Vita vile katika Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Hapakuwa na barabara za kupitisha magari mahali pengi, na mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda, kwa hiyo unga, risasi, na hata vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Walitolewa vijijini kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakatembea hadi wakaanguka. Waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yao walizidi 90,000, na risasi hazikuwa muuaji mkubwa; waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa. Waingereza waliwaweka katika kikosi walichokiita Carrier Corps. Ndimi zetu zikalitafuna jina hilo likatoka Kariakoo kwa Dar es Salaam na Kariokor kwa Nairobi. Kila siku tunasema naenda Kariakoo, narudi Kariakoo, bei za Kariakoo. Sijui ni jina gani jingine la soko linalobeba wafu wengi namna hii.

Ukienda katikati ya Dar es Salaam utaikuta Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, peke yake na bunduki yenye singe. Nairobi, katika sanamu tatu za kumbukumbu ya vita vile, mmoja ni mpagazi. Nimewahi kusimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nikifikiri kwamba miaka yote nimeuliza watoto vita viliisha lini, na kwamba kwa mke wa mpagazi ambaye hakurudi na hakuletewa barua, tarehe hiyo haikuwapo. Hakuna siku aliyoambiwa vimekwisha. Alingoja, halafu taratibu akaacha kungoja.

Maswali mengine yalikuwa mepesi, yanatoboka kwa kidole. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea mwezi gani? Kwa kalenda iliyokuwa ikitumika Urusi, tarehe 25 Oktoba 1917. Kwa kalenda yetu, tarehe 7 Novemba. Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vilidumu miaka mingapi? Kuanzia 1337 hadi 1453, miaka 116. Watoto hupenda haya, na mimi pia, kwa sababu yanamfundisha mtoto kwamba jina si kitu chenyewe. Niliyaacha yalivyo.

Kurasa zilizonitesa ni za nani wa kwanza. Zilikuwa nyingi mno. Nani wa kwanza kuizunguka dunia? Daftari lilisema Magellan, na hilo si kweli hata kwa hesabu ya watu wake mwenyewe. Ferdinand Magellan aliondoka Hispania mwaka 1519 na meli tano na watu wasiopungua 240. Aliuawa tarehe 27 Aprili 1521 katika kisiwa cha Mactan, Ufilipino, mbali na nyumbani. Aliyeirudisha meli moja iliyosalia, Victoria, ni Juan Sebastián Elcano, mwezi Septemba 1522, wakiwa jumla watu kumi na wanane, wamekonda na wanayumba. Kwa hiyo tumwandike Elcano na tufunge.

Lakini melini alikuwemo mtumwa aliyeitwa Enrique. Magellan alikuwa amempata Malacca mwaka 1511, akamchukua hadi Ulaya, kisha akamchukua tena katika safari hii awe mkalimani. Walipofika visiwa vya Ufilipino, mwezi Machi 1521, Enrique alizungumza Kimalei na watu waliokuja kwa mashua wakamwelewa. Hebu likae jambo hilo kidogo akilini. Mtu ametolewa mashariki akiwa kijana, amepelekwa magharibi, akaendelea magharibi, magharibi, magharibi, mwaka baada ya mwaka, hadi siku moja upepo wa asubuhi ukamletea lugha anayoifahamu. Sidhani katika historia yote ya safari kuna dakika iliyo kubwa kuliko hiyo. Dunia ilithibitika kuwa mviringo ndani ya sikio la mtumwa. Wosia wa Magellan ulisema akifa, Enrique awe huru. Manahodha waliobaki wakakataa. Baada ya baadhi ya mabaharia wenzao kuuawa kisiwani Cebu, mwanzoni mwa mwezi Mei, jina lake linatoweka katika kumbukumbu. Huenda alifika kwao Malacca na kulikamilisha duara kabla ya Elcano. Huenda hakufika.

Watu wale kumi na wanane nao walikuwa na swali lao. Walipopita Cape Verde mwezi Julai 1522, Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika habari za safari siku kwa siku, aliambiwa na watu wa nchi kavu kwamba leo ni Alhamisi. Daftari lake lilisema Jumatano. Alikuwa na hakika hakuruka siku hata moja, hata katika ugonjwa. Na hakuruka. Kwa kulifuata jua upande wa magharibi kuizunguka dunia nzima, siku moja ilikuwa imemwagika njiani kidogo kidogo. Kila nikisimulia hili darasani, kuna mtoto mmoja au wawili ambao macho yao hubadilika, na huwa najua kwamba hao hawatanisahau.

Na Kilimanjaro, ambalo kila daftari la maswali katika nchi hizi linalo. Nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Johannes Rebmann, mwaka 1848. Neno kugundua limekwisha kusemwa sana na sitalirudia, ila kuna kitu kidogo katika habari yenyewe ambacho nimekipenda tangu nilipokutana nacho. Tarehe 11 Mei mwaka huo, Rebmann aliona weupe kileleni, akamuuliza aliyemwongoza kile ni kitu gani. Yule mtu, aliyekuwa akisema Kiswahili cha pwani, hakuwa na jina la theluji. Alijibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, habari ikafika London, na huko mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika pande hizi, akapinga kwa miaka mingi kwamba haiwezekani theluji iwe karibu na ikweta. Hivyo palikuwa na watu watatu: mmoja ana neno theluji na ameiona, mwingine ana neno theluji na hajaiona, na wa tatu anajua kwamba kile ni baridi. Ningekuwa nagawa alama, ningempa yule wa tatu zote.

Swali lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilihusu Malindi. Nani alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi? Nilijifunza jibu hili nikiwa darasa la tano na nikalifundisha maisha yangu yote: Ahmad ibn Majid. Lina utamu wake. Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, alikuwa bingwa wa bahari aliyeandika vitabu vya uongozaji wa vyombo kwa nyota na kwa pepo, na mtoto wa pwani huona fahari kwamba Mreno hakuweza kuvuka bila mtu wa bahari yetu. Ila Wareno wenyewe waliandika kwamba rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi alikuwa Mgujarati. Anayemtaja Ibn Majid ni mwandishi wa Kiarabu, miongo kadhaa baadaye, na anamtaja kwa kumlaumu. Ibn Majid mwenyewe mwaka 1498 alikuwa mtu mzima sana, mwenye sifa kubwa, na wanahistoria wengi sasa hawaamini kwamba ndiye. Tumemtwisha mzee yule kosa au sifa ya mtu mwingine, kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa na kisanduku cha jibu kilitaka jina.

Niliumia kulifuta. Nikakaa nalo siku kadhaa, na mwishowe nikaona kwamba swali lilikuwa limekaa mahali pabaya tangu mwanzo. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na akafika Calicut tarehe 20 Mei. Siku ishirini na sita, bahari nzima. Wakati wa kurudi hakusubiri. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, na kulivuka eneo lile lile kulimchukua karibu miezi mitatu. Watu wake wengi walikufa njiani kwa kiseyeye, ufizi umevimba, mikono haina nguvu ya kuvuta kamba. Mtoto yeyote wa mvuvi kuanzia Lamu hadi Kilwa anaweza kukuambia tofauti ya safari hizi mbili pasipo kufungua kitabu. Ya kwanza ilikwenda na mwanzo wa kusi. Ya pili iliondoka kabla kaskazi haijashika. Rubani wa Malindi, jina lake lolote liwalo, alijua hivyo, na kujua huko hakukuwa kwa mtu mmoja. Kulikuwa kwa manahodha na mabaharia na wake zao waliohesabu miezi ya kungoja, kwa mamia ya miaka.

Kwa hiyo nimeandika upya. Swali sasa linataja tarehe hizo mbili, linataja siku 26 na miezi mitatu, na linauliza: kwa nini? Nililijaribu kwanza kwa darasa la sita. Mvulana mmoja ambaye baba yake huvua, na ambaye katika miaka yangu yote na darasa lile hakuwahi kunyanyua mkono katika somo la historia, alisema bila kunyanyua mkono, kama mtu anayeongea peke yake, "Alitoka Oktoba? Oktoba hakuna upepo wa kuja huku."

Nisieleweke kwamba nimeichoka chemsha bongo. Naipenda. Napenda ukumbi unavyojaa kuanzia saa mbili asubuhi, madawati yaliyosogezwa ukutani, wadogo wa darasa la tatu wamekaa sakafuni mbele, ubao wa alama umepigwa chaki mpya. Napenda ukimya ule wa sekunde tatu baada ya swali, ambao hakuna somo jingine linaloweza kuuleta. Nimeona mtoto aliyekuwa wa mwisho darasani akijibu swali la mji mkuu wa milki ya Waottomani na kutembea tofauti mwaka mzima. Kujua kitu kwa hakika, kukishika kama sarafu kiganjani, ni furaha halali, na mtoto ana haki nayo. Wanaotaka tuache tarehe kabisa tufundishe kufikiri tu, nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Bila 24 Aprili na Oktoba, yule mvulana asingekuwa na kitu cha kufikiria.

Ninachokiogopa ni kile ambacho swali linafundisha kabla halijajibiwa. Mtoto atasahau 38. Wengi husahau kabla ya kufika nyumbani. Asichosahau ni kwamba pale mwalimu alipoweza kuuliza vita vile vilikuwa nini, aliuliza ni vifupi kiasi gani. Kwa miaka yote hiyo niliwafundisha watoto wa pwani hii kwamba jambo la ajabu katika kifo cha jirani zao wa ng'ambo ya mkondo ni kwamba kilikuwa cha haraka. Sikukusudia. Lakini maswali yangu yalikuwa yamesimama juu ya sitaha ya meli, na nikawapandisha watoto juu wakasimame pamoja nami.

Daftari jipya ni la kahawia. Lina maswali 40, na limenichukua muhula mzima. Yale ya tarehe yamo. Nimeingiza na mengine ambayo hayakuwahi kuwamo. Mnyama gani alifikishwa China mwaka 1415 na wajumbe kutoka Malindi? Twiga, na natumaini kuna atakayeuliza alilishwa nini melini. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za kale katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Zilitoka mji gani wa Uswahilini? Zilitoka Kilwa. Zilifikaje huko hakuna aliyeweza kuthibitisha, na chini ya jibu nimeandika kwamba kundi litakaloeleza njia moja inayowezekana, kwa pepo na bandari zake, liongezewe alama moja.

Swali la vita vya Unguja nalo lingali la kumi na saba. Nilifikiri kuliondoa, nikaona hapana. Nimebadilisha yaliyomo katika safu ya majibu, ambayo husomwa na mwamuzi peke yake. Safu hiyo sasa inasema hivi: Pokea 38, pokea 40, pokea 45. Kisha muulize mtoto ameanza kuhesabu wapi. Usimkatishe. Kengele isimamishwe mpaka amalize.